Baba Mkubwa Hakujiroga

Juzi nilikuwa Lingeka, Meatu, kumjulia hali baba mkubwa. Ana kansa ya tezi dume. Majirani eti: "Mawazo ndiyo yamemletea!" Mzee kanywea, anajilaumu.

Jamani, tusimwonee! Mwaka 2013 kina Claire Magnon na Paul Frenette, New York, walionyesha kwamba mishipa ya fahamu huota hadi ndani ya uvimbe wa kansa hiyo na kuuchochea. Walipoikata kwa panya, uvimbe ulishindwa kustawi. Na mishipa hiyo kila mwanaume anayo, mwenye mawazo na mwenye raha zake.

Nikamwambia, "Baba, hukujiroga. Twende Bugando." Jana tukapanda basi la Mwanza. Wiki ijayo tukijaaliwa!