Uchafu wa Ukeni si Kesi ya Ndoa

Kabwe ni bandari ya wavuvi na wasafiri wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Mahali kama hapo, mwanamke anayekwenda zahanati kulalamika kwamba anatokwa na uchafu ukeni aweza kuwa amekwisha kuhukumiwa kabla ya kupimwa: na mumewe, na majirani, hata na mganga. Huambiwa ana ugonjwa wa zinaa, hupewa dawa za kisonono, akarudi nyumbani na kesi ya kujibu.

Hukumu hiyo mara nyingi haina ushahidi. Sababu mbili zilizo za kawaida kabisa hazihesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Ya kwanza ni kuvurugika kwa vijidudu vya asili vya uke, ambako huleta maji ya kijivu yenye harufu ya samaki. Ya pili ni fangasi, ambao huwasha na kutoa uchafu mzito mfano wa maziwa ya mgando. Trikomona ndiyo huambukizwa kwa kujamiiana, na hapo mume naye hana budi kutibiwa. Kisonono na klamidia hukaa kwenye mlango wa kizazi, na wanawake wengi wenye maradhi hayo hawaoni dalili yoyote.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti uliofanywa mkoani Mwanza ulionyesha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, katika zahanati na vituo vya kawaida, kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa asilimia 40 hivi. Hiyo ni sifa ya haki kwa Tanzania. Lakini njia hiyo, iliyo imara kwa mwanamume anayetokwa na usaha, ni dhaifu kwa mwanamke mwenye uchafu: humpa dawa za kisonono asiye nacho, ikamwacha mgonjwa asiye na dalili. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka vipimo vitumike popote vinapopatikana.

Hata pasipo vipimo vikubwa, kubahatisha hakuna udhuru. Mganga aulize kwa faragha, atazame kwa spekulamu safi, apime ukali wa asidi kwa karatasi: ukizidi 4.5, fangasi peke yao si jibu la kutosheleza. Penye hadubini, trikomona huonekana wakiogelea. Metronidazoli hutibu trikomona na uchafu wenye harufu. Klotrimazoli hutibu fangasi. Maumivu ya chini ya tumbo pamoja na homa hayangoji: huenda maambukizi yamepanda kwenye kizazi.

Walimu nao wana sehemu yao. Msichana aelezwe kwamba ute mweupe usio na harufu mbaya wala muwasho ni wa kawaida, na kwamba kujiosha ndani kwa sabuni kunadhuru. Na watumishi wa halmashauri, wanapopanga bajeti ya dawa, waandike pia pazia, taa na karatasi za kupimia.