Kajiandikisha chuo, mume kaja kujua kwenye risiti!

  Mpenzi msomaji, kama kuna kamgogoro kati yako na mwenzi wako, kamalizeni leo kabla hamjafungua ukurasa unaofuata.

Mwezi huu nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hatulihesabu kuwa ni la mapenzi: shule. Ndiyo, shule. Nimeona ndoa zikiyumba kwa sababu ya pesa, mawifi na simu zenye namba za siri, lakini siku hizi naona nyingine zinayumba kwa sababu mmoja kaamua kurudi darasani na mwenzake kaachwa njiani.

Kuna dada mmoja wa Bunda, ana miaka 31 na watoto wawili. Ana stashahada ya uhasibu, ni karani wa fedha kwenye ofisi moja pale mjini. Jumamosi asubuhi anapanda haisi kwenda Musoma, ananunua dagaa pale Mwigobero na kurudi nao kuuza. Mumewe ni fundi mitambo machimboni huko Tarime, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Wana nyumba wanayojenga Butiama, kwao na mume, imefika kwenye lenta. Fedha za mabati walikuwa wanaweka pamoja.

Sasa sikia. Mwanamume kaja likizo, mtoto mdogo kapata homa, kafungua droo kutafuta kadi ya kliniki. Badala ya kadi kakutana na risiti ya benki. Mke kajiandikisha digrii! Na fedha zimetoka kwenye mabati.

Nyumba haikulalika. Dada akanipigia simu, nami nikafunga safari. Tukakaa watatu, sato mezani hakuna aliyemgusa.

“Shemeji,” nikamwambia mume, “toa yako.”

“Dada, mimi sikatai mtu asisome,” akasema. “Nina mambo mawili. La kwanza kanificha. La pili, ukimuuliza anakwenda kusomea nini, anakwambia uhasibu kidogo, kompyuta kidogo, masoko kidogo, sosholojia kidogo. Sasa hiyo ni digrii au ni pilau?”

Dada akainamisha kichwa. Mimi nikajua kazi ipo, kwa sababu shemeji alikuwa na hoja zote mbili. Tuanze na hiyo ya pilau.

HATA MWALIMU ALICHANGANYA

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba msomi ni mtu wa somo moja, akitoka hapo hajui kitu. Lakini nikamwambia shemeji aangalie hapohapo kijijini kwao. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Baadaye akapita Tabora na Makerere, akafundisha kwanza, ndipo mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Digrii aliyoichukua na kuimaliza mwaka 1952 haikuwa ya somo moja. Humo alisoma uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, fasihi ya Kiingereza, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Ukiangalia kazi iliyomsubiri nyumbani, huwezi kusema alipakua ovyo.

Musoma nayo ina historia yake katika jambo hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana pale na kutoa Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini lilibadilisha pia njia ya kuingia chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha sita hakutakiwa tena kuunganisha moja kwa moja. Alitakiwa akafanye kazi kwanza, apate na sifa kutoka kazini, ndipo aombe. Wazo lilikuwa kwamba mtu aliyekwishaonja kazi anajua anakwenda kutafuta nini darasani.

Je, lilikwenda sawa? Hapana, si lote. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilishuka, kwa sababu miaka hiyo ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na ukishaanza kulea nani atakuruhusu uende Dar kukaa bweni? Ikabidi wasichana walegezewe sharti hilo, na miaka ya themanini utaratibu mzima ukalegezwa. Mdogo wangu aliposikia hapo akainua kichwa. Ndiyo hali yake hasa! Tulimwambia mtu afanye kazi kwanza, lakini chuo chenyewe hakikumfuata alipo.

Kilichokuja kumfuata ni masomo ya mbali. Uingereza walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1969 na wanafunzi wakaanza kusoma 1971, wakijenga digrii kwa mafungu kutoka fani mbalimbali bila kuacha kazi zao. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Kina vituo mikoani, na cha Mara kipo Musoma. Kwa mtu wa Bunda hiyo ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

PILAU NAYO INA KANUNI

Lakini shemeji yangu hakuwa mjinga. Pilau ukiweka kila kiungo utakachokikuta jikoni, hailiki. Kwa hiyo wewe unayefikiria digrii ya kuchanganya masomo, au mwenzi wako anafikiria, chukueni kalamu na karatasi muichore pamoja.

Kwanza, chagua mhimili. Somo moja libebe uzito, mengine yaliegemee. Hapa kwetu hakuna digrii ya kujipakulia kila kitu. Kila programu ina kozi za lazima na za kuchagua, na uhuru wako upo zaidi kwenye zile za kuchagua. Hata mwalimu anayesoma digrii ya sanaa na elimu hubeba masomo mawili ya kufundishia, si saba.

Pili, soma matangazo ya kazi kabla hujachagua kozi. Chukua matano ya ile kazi unayoitamani, ya serikali na ya binafsi. Utaona mengi yanataja jina la fani kabisa. Kama tangazo linasema uhasibu au fedha na cheti chako kinasema kitu kingine, utaanza kujieleza kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Na kama ndoto yako ni udaktari, uanasheria au uhandisi, njia ya mchanganyiko haikufai, maana bodi za taaluma zina masomo yao ya lazima.

Tatu, panda ngazi. Kozi za utangulizi kumi katika masomo kumi hazikupi ujuzi. Angalau kwenye mhimili wako hakikisha unafika kozi za juu, zile za mwaka wa mwisho.

Nne, hakikisha mlango unakuruhusu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua programu na kuweka sifa za kuingilia. Mwenye stashahada kwa kawaida anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.0. Aliyepungukiwa kidogo, Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi ya kumvusha. Na yupo yule aliyejifunza kwa miaka kazini bila cheti kinachostahili: upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, unapimwa na kufanyiwa mtihani. Kama unategemea kozi ulizosoma kwingine zihesabiwe, pata jibu la maandishi kabla hujalipa hata senti. Usikubali la mdomoni!

Tulipofika hapo dada mwenyewe akachukua kalamu. Uhasibu na fedha akaviweka katikati. Kompyuta akaiacha, kwa sababu hesabu za ofisi yake zote zinafanyika humo. Masoko akayaacha kwa ajili ya dagaa wake. Sosholojia akaiangalia muda mrefu, akaikata mstari.

“Hiyo ulikuwa unaipendea nini?” mumewe akamuuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza la upole siku ile.

“Nilitaka tu kujua kwa nini watu wanaishi wanavyoishi,” dada akajibu.

Shemeji akanyamaza. Kisha akasema, “Kama kuna nafasi ya kuchagua moja, chagua hiyo.”

SAA 12 KWA WIKI ZINATOKA WAPI?

Sasa tuingie kwenye ndoa yenyewe. Katika mfumo wetu wa vyuo vikuu, masomo hupimwa kwa krediti. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha kufundishwa, kusoma mwenyewe, kazi na mitihani. Mwaka mmoja wa kusoma kwa kasi kamili ni krediti 120, na digrii ya miaka mitatu ni krediti 360. Yaani saa 3,600!

Ukisoma kwa nusu ya kasi, utabeba krediti 60 kwa mwaka, ambazo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 50, unapata saa 12 kila wiki, kwa miaka sita. Ukitaka kumaliza kwa mitatu, ni saa 24 kila wiki, juu ya kazi, watoto na dagaa. Ndiyo maana nasema shule ni jambo la mapenzi. Hizo saa haziko kwenye begi la chuo. Ziko kwenye usingizi wako, kwenye jiko lako na kwenye muda wa mwenzi wako.

Tukazipanga palepale. Alfajiri saa 10:30 hadi 12:00, siku nne kwa wiki, ni saa 6. Jumamosi alasiri baada ya kurudi kutoka Musoma, saa 3. Jumapili jioni saa 3. Jumla 12. Mwisho wa mwezi baba akiwa nyumbani, vitabu vya Jumamosi vifungwe na saa zile zihamie usiku wa siku za kazi. Naye baba akiwa nyumbani asikae sebuleni akisubiri chai, aogeshe watoto. Hapo alicheka, lakini hakukataa.

SIRI HAIJENGI NYUMBA

Nimebakiza hoja ya kwanza ya shemeji, ambayo ni nzito kuliko pilau. Mdogo wangu alificha kwa sababu aliogopa kuambiwa hapana. Namwelewa. Wako wanaume ambao ukitaja chuo wanasikia “naondoka”. Lakini alipochukua fedha za mabati kimyakimya, alimpa mumewe sababu ya kuogopa hasa. Digrii ya miaka sita huwezi kuificha kwenye droo.

Na ninyi akina kaka, jiulizeni: kwa nini mkeo anaona ni rahisi zaidi kuiambia benki kuliko kukwambia wewe? Nilimuuliza shemeji hivyo. Alikaa kimya, akavuta sahani, akaanza kumtoa sato miiba na kumwekea mkewe upande wake. Kwa mtu wa Mara, hilo ni jibu.

Walivyokubaliana ni hivi. Dada amemwomba radhi mumewe kwa fedha zile, na faida ya dagaa itazirudisha polepole. Paa litasubiri, na mama mkwe huko Butiama ataambiwa na mwanawe mwenyewe, si na mkwe. Kila mwisho wa mwaka watakaa waangalie: krediti zimefika ngapi, fedha ziko wapi, na nyumba inaendeleaje? Mambo yakizidi, atapunguza kozi za mwaka huo badala ya kuacha.

Sitakudanganya kwamba yameisha. Shemeji bado ana kinyongo kidogo, na miaka sita ni mingi. Lakini nilipokuwa naaga niliiona ile risiti. Haikuwa imefichwa tena wala haikuwa imechanwa. Alikuwa ameibana pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama una fomu ya chuo umeificha chini ya godoro, itoe leo. Iweke mezani, mchore wote wawili, mhesabu saa na fedha. Akikataa, angalau utajua anakataa nini.

Nisikuchoshe. Tukutane tena mwezi ujao, panapo majaliwa.