Anayetaka Kuacha Ulevi Asiachwe Peke Yake

Enyi ndugu zetu, ulevi ni haramu, na Aya ya 90 ya Suratul Maida yatosha kuwa dalili. Lakini twaona nyumba nyingi zikimficha kijana wao mlevi kwa kuchelea fedheha. Naye akitaka kuacha, hana wa kumshika mkono. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kumlaani mtu aliyeletwa mbele yake kwa ulevi, wasije wakamsaidia Shetani juu ya ndugu yao.

Iko njia ya kusaidiana. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, watu wawili waliokuwa walevi, mmoja wao daktari, walishikana ili waache. Ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambayo leo ina mikutano katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Hapana ada, sharti ni nia ya kuacha. Majina hayatangazwi. Mikutano mingine huruhusu jamaa, mingine ni ya wenye shida hiyo peke yao. Mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha Millati Islami, wakaufuata mwendo huo kwa mafundisho ya dini yetu.

Basi ewe baba, ewe kaka, nenda naye kwanza kwa daktari, maana aliyezoea sana akikata ghafula huweza kudhurika mwili. Ulizeni hapo mikutano iliko, umsindikize siku ya kwanza, ijapokuwa hata mlangoni. Akianguka tena, mrudishe. Mlango wa toba Mwenyezi Mungu hajaufunga, tusiufunge sisi.

Wabillahi tawfiki.