Kisangani: Bunduki ya marehemu baba, urithi unaotafutwa na wenye vita

Matanga yakiisha, jamaa huketi kuhesabu alivyoacha marehemu: nyumba, shamba, mtumbwi, baiskeli. Katika familia za wawindaji mkoani Tshopo, mara nyingine kuna kitu kingine ambacho watu hukitaja kwa sauti ya chini. Ni bunduki za kalibre 12 zilizofungwa kwa kitambaa chini ya kitanda. Nani azirithi? Na je, zinaweza kuuzwa?

Kuhusu nyumba na shamba, Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina jibu. Watoto wanapata robo tatu ya mali; sehemu inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Kama hakuna wosia unaomtaja mwingine, mkubwa wa warithi ndiye anayesimamia ugawaji.

Lakini bunduki ina sheria yake, ile namba 85-035 ya 3 Septemba 1985. Raia hawezi kuweka silaha nyumbani bila kibali, na kibali huandikwa kwa jina la mtu. Mtoto akirithi bunduki ya baba, hajarithi ruhusa ya kuishika. Silaha za kivita ni jambo zito zaidi. Kisangani ilipigwa na vita vya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda mnamo Juni 2000, na miaka ile silaha zilitapakaa. Raia akikutwa na silaha ya namna hiyo anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Hapo ndipo hesabu ya bei inapogeuka. Mjuzi wa bunduki za kuwinda huangalia kiwanda, namba, hali ya mtutu na chapa za ukaguzi. Bunduki za zamani kutoka Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza silaha nyingi wakati wa ukoloni, hutambulika kwa chapa hizo. Lakini bila karatasi, hata bunduki nzuri ya FN haina mnunuzi halali. Inabaki bei ya kichochoro, na bei hiyo hupandishwa na hofu kuliko ubora wa chuma.

Hofu hiyo Kisangani inajulikana. Tangu Februari 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola katika komini ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, umeua watu, umechoma nyumba na kuwafukuza wengi makwao. Kando ya mapanga na mishale, kalibre 12 imetajwa tena na tena. Katika hali hiyo, anayekuja usiku na pesa mkononi huenda asiwe mwindaji. Familia inayouza ili kulipa karo ya watoto inaweza kuwa inalipia maiti ya jirani.

Njia salama ipo, ingawa ni ndefu: warithi wapeleke habari kwa wakubwa wa serikali mapema, pamoja na cheti cha kifo na kibali cha marehemu. Anayetaka kuibakiza bunduki aombe kibali kwa jina lake. Wasiotaka waikabidhi na kudai hati ya makabidhiano. Mnunuzi, kama yupo, awe na kibali chake kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Tatizo ni kwamba wengi wanaogopa kufika polisi na silaha mkononi, wasije wakageuzwa washtakiwa. Huko Katanga, shirika la PAREC liliwahi kubadilisha bunduki kwa baiskeli, na watu walizileta. Mpango wa serikali wa kupokonya silaha, P-DDRCS, uliundwa Julai 2021 ukielekea zaidi Kivu zote mbili, Ituri, Tanganyika na Maniema. Lubunga nayo inahitaji mahali ambapo mjane anaweza kukabidhi bunduki ya mumewe na kurudi nyumbani bila pingu. Mahali hapo pasipokuwepo, mnunuzi wa usiku ndiye atakayekuwa wa kwanza kubisha mlango.