Tovuti Moja, Kichwa Kimoja

Wasee, tuambiane ukweli. Ati tovuti ya duka, kila ukurasa na kichwa chake: cha mwanzo kijani, cha bidhaa cheusi, cha malipo cheupe bila hata nembo. Halafu unashangaa mteja anahepa akifika kulipa na M-Pesa! Bei haijamfukuza. Ameona sura ngeni, akadhani ni wakora. Utamlaumu? Matapeli wametufunza kushuku.

Najua WordPress inakuruhusu: unaunda header-duka.php, unaiita, imeisha. Lakini si kila unachoweza lazima ufanye. Kwa malipo punguza menyu, sawa, asipotee njia. Nembo, rangi na jina usiviguse. Mtu akitoa simu alipe, aone ni duka lile lile aliloingia.