Mwacheni Babu Amfundishe Mjukuu Kupiga Randa

Wadau, leo nina la moyoni na naomba mnisome mpaka chini kabla hamjaanza kurusha mawe.

Kuna mwigizaji wetu mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, na msije inbox kuniuliza maana sitasema. Katupia klipu ya dakika moja na kitu kutoka kijijini kwao Litumbandyosi, huko Mbinga, mkoani Ruvuma. Baba yake mzazi yuko uani na benchi lake la useremala, mzee wa watu mwenye mvi zake, na pembeni wajukuu wawili waliotoka Dar kwa likizo. Wa kike kama miaka saba hivi, wa kiume mitano. Binti anasukuma randa juu ya ubao, babu kamshikia mikono kwa nyuma. Maranda yanajikunja yanadondoka, dogo anayaokota anajivika kichwani kama wigi. Basi. Klipu yote ndiyo hiyo.

Sasa nendeni kwenye komenti. Mmoja anasema hiyo ni ajira kwa watoto, aitwe ustawi wa jamii. Mwingine anauliza staa mzima anashindwaje kuwanunulia wanawe tableti. Wa tatu, huyu ndiye aliyenikera kuliko wote, kaandika "mtoto wa kike na randa wapi na wapi", na kapata lundo la laiki. Kufika usiku mama watoto kafunga komenti.

Mimi niko upande wa babu. Na nina sababu.

Tuanze na hilo la ajira kwa watoto, maana ni neno zito na halipaswi kurushwa hovyo. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomkosesha shule. Ipo kwa sababu kuna watoto wanaoumia kweli: machimboni, mashambani, majumbani kwa watu wanakolala jikoni. Ukimweka mjukuu anayecheza na babu yake nusu saa kabla ya chai kwenye kapu moja na mtoto anayeponda mawe kutwa nzima, humsaidii yule wa kwanza na unampunguzia uzito yule wa pili. Hakuna mteja anayesubiri ule ubao wa binti. Hakuna hela. Akichoka anatupa randa anakimbilia kwa bibi.

Na hapo kuna kitu sisi wa mjini tumeanza kukisahau, utani wa babu na mjukuu. Kwetu Bongo babu na mjukuu ni watani. Babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, bibi anamwita wa kiume mume wangu, wanatishiana kunyang'anyana chakula, na hakuna anayekasirika. Ukitaka kujua kwa nini hilo lina maana kwenye ufundi, jaribu kufundishwa kitu na baba yako. Baba ana haraka, ana oda ya mtu, na ukipindisha msumari mmoja anafoka, "Toka hapo, utaniharibia mbao!" Babu muda anao. Msumari ukipinda anacheka, anaung'oa, anaunyoosha juu ya jiwe, anakurudishia. Mtoto anajaribu mara kumi na mbili bila kuogopa. Mwalimu wa namna hiyo humpati kwa ada yoyote hapa mjini.

Halafu mnajua mbao ya kule? Ukanda ule wa Ruvuma ni nchi ya miombo, na kwenye miombo ndiko anakoota mninga, mti ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Ndiyo mbao ya vitanda vya harusi za wazazi wetu, vile ambavyo mkihama nyumba vinahitaji wanaume wanne. Mninga ukishakauka hautikisiki, haupindi hovyo. Kuna mkongo pia, mgumu huo, msumeno unalia. Ukishuka mpaka ufukweni Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli huko, unakuta mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, tezo juu ya tezo mpaka gogo linakuwa chombo cha kutafutia samaki. Peramiho kwa Wabenediktini, misheni iliyoanza mwaka 1898, karakana zake zimefundisha mafundi vizazi kwa vizazi. Yaani mzee wa Ruvuma mwenye randa mkononi ana historia nyuma yake, na mtoto aliyezaliwa Sinza anaijua mbao kama ile ya kabati la kuunganisha lililotoka dukani, ambalo likimwagikiwa maji linavimba kama maandazi.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala. Alikuwa na patasi za ukubwa mbalimbali, keekee ya kuzungusha kwa mkono na randa ndefu ya mti aliyojitengenezea mwenyewe. Alipofariki, kwenye familia nzima hakuna hata mmoja aliyejua ipi ni ya kazi gani. Vyuma vilikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Ile randa ya mti ilichochea moto wa kupikia siku ya arobaini. Hakuna aliyefanya ubaya, watu walihitaji kuni. Ila mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuwa nimewahi kuishika hata siku moja, kwa sababu kila likizo tulipokwenda kwake tuliambiwa, "Msimsumbue babu, yuko kazini." Babu mwenyewe hajawahi kusema tunamsumbua. Walisema wakubwa.

Ndiyo maana nikiona mtu anaandika "mzee apumzike, watoto wampishe" nashikwa na hasira kidogo.

Kuhusu huyo wa "mtoto wa kike wapi na wapi", sina maneno mengi. Randa haijui jinsia. Inataka mkono uliotulia na bledi iliyonolewa, na binti kwenye klipu alikuwa na vyote viwili.

Lakini msije mkadhani namtetea na staa kwa kila kitu. Hapana. Klipu kaiwekea wimbo wake wa singeli juu mpaka mwisho, sauti ya mzee haisikiki kabisa. Midomo inacheza, anamweleza mtoto kitu, anamwonyesha nyuzi za mbao kwa kidole, sisi tunasikia "pandisha mikono juu". Jamani! Pale ndipo palipokuwa na utamu wenyewe. Nina hakika alikuwa anamwambia asukume kufuata uelekeo wa nyuzi, maana ukienda kinyume randa inararua badala ya kulainisha. Kingine, posti iliyofuata anamkabidhi mzee zawadi ya msumeno wa umeme, riboni nyekundu juu, na wajukuu wamesimama palepale pembeni. Zawadi nzuri kwa fundi, sikatai. Ila mashine ile na mtoto wa miaka mitano havikai ua mmoja. Waliowahi kupita Keko mchana wanajua mlio ule na wanajua idadi ya mafundi wenye vidole tisa.

Kwa hiyo hofu ya kuumia si upuuzi, naielewa kwa mzazi yeyote. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye "kuna hatari" mpaka "basi asiguse kabisa". Fundi anayejua kazi anapanga. Anaanza na msasa, ambao ukikosea unachubua ngozi tu. Anafuata nyundo ndogo na msumari ambao ameshautoboleshea njia, ili mtoto asiushike muda mrefu. Msumeno wa mkono, ubao ukiwa umebanwa kwenye jiriwa, mikono yote miwili ya mtoto iko kwenye chombo na hakuna kidole kinachobaki njiani. Patasi inakuja mwisho kabisa, na kanuni yake moja tu: mkono hauwi mbele ya makali, kamwe. Na cha ajabu kwa wasiojua, kifaa butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakilazimisha kinateleza. Vumbi nalo msilichukulie poa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, na vumbi la mninga linawasha pua na kifua kwa baadhi ya watu. Uani kwenye upepo, kitambaa puani wakati wa msasa, mambo yanakwenda.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya kishamba, dunia iko kwenye kodi na akili mnemba. Sawa. Ufini walianza kufundisha kazi za mikono kwenye shule zao tangu mwaka 1866, na Sweden mpaka leo ni somo la lazima, mtoto wa kike na wa kiume wanapasua mbao na kushona pamoja. Nchi hizo hizo ndizo zilizotupa Nokia na Ericsson. Kushika patasi hakukuwazuia kutengeneza simu. Na hapa nyumbani tangu 2024 sekondari zetu zimeanza mkondo wa amali, mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuchukua ufundi sambamba na masomo mengine. Hatua nzuri sana. Ila fikiria mtoto anaingia kwenye karakana akiwa na miaka 14 na hajawahi kushika nyundo maishani, na jirani yake alianza na babu akiwa na mitano. Nani atatetemeka?

Halafu watoto wenyewe wanapenda! Hiki ndicho watu wa komenti hawakukiangalia. Watoto wa mashariki ya Kongo, Goma kule, wamekua wakiona chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi kuteremka mlima, mpaka mji umekijengea sanamu. Kila kijana aliyekulia mkoani amewahi kutengeneza gari la mbao lenye matairi ya kandambili iliyokatwa, na aliyekuwa na la springi alikuwa bosi wa mtaa. Tulijenga vitu kabla ya kujua kusoma. Watoto wetu wa mjini wananunuliwa gari la plastiki, linavunjika Jumanne, linatupwa Jumatano, na hawajui kuwa kitu kilichovunjika kinaweza kutengenezwa.

Na babu je? Mzee aliyekaa mwaka mzima anasubiri Desemba, wajukuu wanafika, "Shikamoo babu", "Marahaba", halafu kimya. Wao Kiswahili chao cha Dar na katuni za Kiingereza, yeye utani wake wa kilugha hawaushiki. Siku kumi zinapita hivyo, kila mtu kwenye kona yake, mwisho picha ya familia na basi la kurudi. Mpe ubao kati yao uone kama hawatakuwa na la kuongea. "Babu, hii inaitwaje?" Hiyo inaitwa randa, mke wangu. "Na hii?" Wanaweza kwenda hivyo mpaka jua lizame.

Kwa hiyo kama Desemba hii unapandisha Songea na watoto, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, na kule una babu au mjomba mwenye benchi, mpigie simu mapema. Usimpelekee mashine. Mpelekee karatasi za msasa za aina mbili tatu, ile ya kukwaruza na ile laini, na nyundo moja ndogo inayoenea kwenye kiganja cha mtoto, maana nyundo ya mtu mzima inamchosha mkono kwa dakika tano. Mwombe atafute vipande vya mpaina, mbao laini. Mninga sasa hivi haukatwi bila kibali, na hata kama ana vipande vyake vya zamani vya akiba, mtoto akianza na mninga atakata tamaa siku ya kwanza. Kitu cha kuanzia ni mwiko au kigoda. Mwiko ni rahisi zaidi, na bibi ataupikia ugali usiku uleule, hata kama umepinda.