Mnanunua Boneti, Mtoto Mnampakata

Ukitaka kumjua baba au mama anayenunua gari la familia, msindikize siku anayokwenda yadi. Atalizunguka mara tatu. Atapiga tairi teke. Atafungua boneti aikodolee macho injini asiyoijua, ataifunga, ataingia kiti cha mbele na kushika usukani, halafu maswali yataanza: linakula mafuta kiasi gani, sipea zipo, nikilichoka nitaliuza bei gani? Mwenzake atabonyeza skrini na kusifia kamera ya nyuma. Mtoto, ambaye ndiye sababu ya yote haya (kabla hajazaliwa Toyota IST ilitosha kabisa), ataachwa achezee vitasa. Kiti cha nyuma, atakachokalia mtoto huyo miaka kumi ijayo, hakuna atakayekijaribu.

Nakereka kwa sababu pesa zenyewe si za mchezo. Wapo vijana wa Dar es Salaam na Arusha, wenye mtoto mmoja au wawili, waliochoshwa na magari ya mtumba kutoka Japani ambayo kilometa zake zimerudishwa nyuma. Sasa wanataka jipya, la petroli, otomatiki, na sharti la kwanza liwe la juu. Ni haki yao, na mkopo watalipa wao. Lakini wanatoa pesa za gari jipya huku wakiuliza maswali ya mtumba, na watengenezaji wameligundua hilo zamani.

Tuanze na huo ujuu unaowatoa watu udenda. SUV ndogo nyingi za leo ni gari la chini lililonyanyuliwa. Suzuki Fronx imejengwa juu ya msingi uleule wa Baleno. Toyota nayo ikaichukua Fronx, ikaibadilisha sura na kuiuza Afrika kwa jina la Starlet Cross. Huku Afrika yote mawili yanavutwa na magurudumu ya mbele, kama IST mliyoikimbia. Siyadharau. Anayeishi ndani ndani huko Goba au Kinyerezi, baada ya mvua za masika kuchimba barabara ya mtaa, anaijua thamani ya kila sentimita iliyopo chini ya injini. Ila asiwadanganye mtu kwamba gari likinyanyuliwa limeimarishwa. Kitovu cha uzito wake kimepanda nalo. Ukikwepa bodaboda ghafla pale Chalinze ukiwa na kasi ya 90, la juu ndilo lililo karibu zaidi na kupinduka.

Kinachookoa watu hapo kinaitwa ESC: kompyuta inayokamata breki ya gurudumu moja moja pale tu gari linapoanza kuserereka, kabla dereva hajajua kinachomtokea. Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia toleo la mwaka 2012. Umoja wa Ulaya ukaifanya sharti kwa kila gari jipya kuanzia Novemba 2014. Huku kwetu kuna watu wanaiacha ESC kwenye toleo la bei ya juu ili tofauti ya bei wanunulie rimu.

Mwaka 2019 taasisi ya Global NCAP, ambayo kazi yake ni kubamiza magari kwa makusudi ili ijulikane nani angepona, iligonganisha Nissan mbili uso kwa uso. Ya kwanza ilikuwa NP300 Hardbody mpya kabisa ya soko la Afrika. Ya pili ilikuwa Navara ya mwaka 2015, iliyokwisha kutumika Ulaya. Zote pikapu, kampuni moja. Kwa vipimo vya wanasesere waliokuwa ndani, dereva wa Navara kuukuu angeshuka akatembea. Wa Hardbody mpya huenda angekufa. Na msiseme haikuwa na mifuko ya hewa. Hardbody iliyopata nyota sifuri mwaka uliotangulia ilikuwa nayo miwili. Kilichoshindwa ni bodi yenyewe: kibanda cha abiria hakikuhimili kishindo. Kwa hiyo anayekuhesabia mifuko ya hewa tu kajibu nusu ya swali.

Suzuki S-Presso nayo, inayotengenezwa India, ilipimwa mwaka 2020 kama inavyouzwa India, ikiwa na mfuko mmoja wa hewa, ikapata sifuri. Mwaka 2022 ikapimwa ya Afrika Kusini, yenye mifuko miwili, ikapata nyota tatu. Jina moja, umbo lilelile kwa macho, majibu mawili. Halafu mtu anakutumia video ya kiwanda iliyopigwa Ulaya akiamini gari lililo kwenye video ndilo lililopo Barabara ya Nyerere! Nyota ni za toleo lililopimwa. Lako ni lile lililoandikwa kwenye karatasi yako ya mauzo, na kama karatasi haisemi kitu, umenunua rangi.

Serikali nayo haina pa kujificha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ilivyotungwa, haikukitaja kabisa kiti cha mtoto. Kodi ndiyo usiseme. Mamlaka ya Mapato inakukadiria kwa umri wa gari na ukubwa wa injini: cc 1000 hadi 2000 ushuru wa bidhaa asilimia 5, likizidi 2000 asilimia 10. Gari lenye ESC na lisilo nayo, vikilingana vipimo hivyo, kiwango cha ushuru ni kilekile. Nchi inayojua kumtoza mwananchi kwa ujazo wa silinda haishindwi kumpunguzia kwa breki bora.

Ila tusiisubiri serikali, maana hata tunachokiweza hatukifanyi. Ijumaa jioni simama njia ya Bagamoyo utazame magari ya juu yanayopita, mengine bado yananukia upya: mtoto kapakatwa kiti cha mbele, kidevu kinagusa dashibodi, na mzazi anajiona anampenda. Gari la kasi ya 50 likigonga ukuta, mtoto wa kilo 10 anarushwa mbele kwa nguvu inayozidi mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mama mwenye mikono ya kuizuia hiyo. Na mfuko wa hewa mliolipia, ukilipuka, utamkuta yeye kwanza. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo kwa walau asilimia 60. Pesa ya zile rimu ingekinunua.

Basi siku ya kwenda yadi, mlango wa kwanza kufungua uwe wa nyuma. Ingiza vidole kwenye ufa kati ya mgongo wa kiti na kikalio. Tafuta vyuma viwili vilivyopinda, vyembamba kama penseli, vimeachana kama sentimita 28. Hizo ndizo nanga za ISOFIX za kukamatia kiti cha mtoto; mpapaso wa nusu dakika, na bado muuzaji atakushangaa. Tazama mkanda wa katikati: unapita begani, au ni ule wa kiunoni tu unaokata tumbo? Nenda na kiti chenyewe cha mtoto, ukifunge kikitazama nyuma, kama inavyotakiwa kwa mtoto mchanga ambaye shingo yake bado laini, kisha rudi mbele ukae. Magoti yakigota dashibodi, gari hilo ni dogo kwenu, hata likiwa la juu kiasi gani.

Kuhusu gia sina maneno mengi. Starlet Cross na Fronx za huku Afrika zina injini ya lita 1.5 isiyo na turbo na otomatiki ya gia nne. Wajuaji wanaicheka kwamba ni ya kizamani. Mimi ningeichukua mbele ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) yoyote nitakayoipeleka kwa fundi anayemimina oili ya gia iliyopo tu kopoini.

Mwisho, muuzaji aandike kwenye karatasi ya mauzo, kwa toleo hilohilo na si kaka yake wa Ulaya: ESC ipo au haipo, mifuko ya hewa mingapi, ISOFIX viti vipi, toleo lililopimwa ni lipi na lilipata nyota ngapi. Akianza kukusimulia jinsi linavyotulia lami, chukua mkono wa mtoto muondoke. Na kama la juu lenye hivyo vyote limepita uwezo wenu, bei ya la juu lisilo navyo inaweza kununua la chini lililo navyo. Jirani atasema mmefulia. Mwacheni aseme.